Audilia Hakuchoma Nyumba

Hapa kwetu Rahueco, mtu akikiona kinyani cha msitu ndani ya nyumba yake, huichoma nyumba. Hutoa vitanda, masufuria, sanamu ya Bikira na mbegu za viazi, akafukuza kuku, kisha humwaga mafuta ya taa na kuwasha kiberiti. Inasemwa kwamba wenye nyumba wakibaki humo, mmoja wao atakufa kabla ya mwaka kwisha. Ndivyo tulivyolelewa. Nilipokuwa mdogo, njia ya kwenda kanisani ilipita karibu na majiko mawili ya chuma yaliyosimama peke yake nyasini, yamejaa kutu. Hakuna aliyethubutu kuyachukua, japo chuma kilikuwa adimu.

Kinyani chenyewe wala si nyani. Ni kiumbe kinachoenea kiganjani, manyoya yake ya kijivu na kahawia, laini kuliko sufu ya mwanakondoo, na macho yamezungukwa na weusi kana kwamba kimepakwa wanja. Mkia wake hushika tawi kama kidole. Jike lina mfuko tumboni, na humo hulea watoto wake mpaka wapate nguvu za kumpanda mgongoni. Giza likiingia hutoka kutafuta wadudu na matunda. Hakiumi mtu wala hakiibi yai.

Audilia Chiguay alivijua vinyani kuliko sisi sote, kwa kuwa hakuzaliwa kijijini. Baba yake, mzee Baudilio, alikuwa mpasuaji wa vigae vya mbao kule juu mlimani, na Audilia alikulia chini ya kibanda cha maganda ya miti, mvua ikinyesha mwaka mzima. Alishuka Rahueco akiwa msichana mkubwa, ana mikono ya mwanamume na aibu ya mtoto. Rosamel Cárcamo alimwona kwenye sherehe ya mtakatifu wetu, amesimama kando ya ukuta wa kanisa na kiatu kimoja mkononi kwa sababu kilikuwa kinambana. Rosamel akacheka. Audilia naye akamtupia kile kiatu. Walioana mwaka huohuo.

Rosamel, kama wanaume wengi wa kwetu, kila kiangazi alikwenda kusini Patagonia kukata kondoo manyoya. Alirudi majira ya tufaha, na katika miezi aliyokuwa nyumbani alijenga nyumba yake pale ukingoni mwa msitu: mbao za kuta akazipasua mwenyewe, vigae akapewa na baba mkwe. Ilimchukua miaka. Ilipokamilika, alilala humo majira mawili tu ya baridi. Kiangazi kilichofuata farasi alimtupa huko Patagonia akafa, wakamzika hukohuko. Wenzake walimletea Audilia joho lake la sufu na mkasi.

Hawakuwa na mtoto. Audilia akabaki na mavyaa, Bi Clodomira. Mwanawe wa pili, Sofanor, alikuja kumchukua mama yake na mkokoteni, naye bibi akakataa kupanda.

“Kwako mkeo anaimba asubuhi,” alisema. “Mimi siwezi kuamka na mtu anayeimba.”

“Mama, kwa Audilia utakaa kama nani?”

“Kama mgomvi wake. Kila mwanamke anahitaji mmoja.”

Na kweli waligombana. Waligombana juu ya kuni mbichi, juu ya mbwa, juu ya namna ya kumenya viazi. Lakini mwanamke anayesuka blanketi kwenye kitanda cha mfumi kilicholala sakafuni huhitaji mwenzake upande wa pili ampokeze uzi, na wale wawili walisuka pamoja miaka mingi. Blanketi zao zilikwenda mpaka mjini Castro.

Sasa nieleze lililotokea.

Ilikuwa mwisho wa majira ya viazi. Audilia alipanda darini kuteremsha sufu ya kusokota. Katika kikapu kimoja, chini kabisa, mkono wake uligusa kitu cha mviringo, kikubwa kama kichwa cha kabichi. Akakitoa. Lilikuwa tufe la majani ya mianzi ya msituni, yamefumwa vizuri, na nje yake limefunikwa na yale manyoya ya kijani yanayoota juu ya magogo. Alipolifungua kidogo akaona ndani vinyani vitatu vimekumbatiana, vimejikunja, pua imefichwa chini ya mkia. Vya baridi kama mawe ya mtoni.

Kesho yake alinikuta kijitoni ninaosha viazi. Mimi na yeye tulikuwa na undugu wa ubatizo. Ndiye aliyemshika mwanangu wa kwanza kanisani.

“Eduvina,” akasema, “nikikupa neno utalifumba mdomoni?”

“Inategemea ukubwa wake.”

“Dogo. Linaenea kiganjani.”

Nilimtazama. Nilipomwelewa, kikapu kilinitoka, viazi vikaenda na maji.

“Utaichoma lini?”

“Nichome nini?”

“Nyumba, Audilia!”

“Nyumba imekosa nini?” Aliingia majini na sketi yake, akaanza kuniokotea viazi. “Vimelala tu. Vitalala hadi baridi iishe. Mwaka mmoja mti ulianguka karibu na kibanda chetu, tukavikuta shimoni mwake, vinne. Nikalia nikisema vimekufa. Baba akasema, ngoja. Akakitia kimoja kifuani, chini ya shati. Tulikuwa tumeshaanza kula alipopiga kelele: kimeamka, kinamtekenya.”

“Na baba yako hakuchoma nyumba?”

“Nyumba gani, mwenzangu? Tulilala chini ya maganda ya miti. Angechoma msitu mzima?”

Nilicheka bila kutaka. Akanieleza mengine ambayo sikuwahi kuyasikia. Kwamba majira ya tufaha kinyani hula mpaka mkia unavimba shinani, kwa kuwa mafuta ya kuishi nayo wakati wote wa baridi yamo humo mkiani. Kwamba kikiamshwa ovyo, yale mafuta huisha mapema, nacho hufa njaa kabla ya wadudu kurudi. Kwamba ile mimea yenye maua mekundu inayoota juu ya matawi ya miti mingine, ambayo ndege mdogo wa asali huifuata, hupandwa na kinyani: hula tunda, na mbegu ikitoka tumboni hunata palepale kwenye tawi na kuota.

“Sasa umevifanya nini?” nikamuuliza.

“Nimevirudisha. Nimeweka kikapu kwenye pembe ya baridi, mbali na bomba la jiko, visije vikapata joto vikaamka.”

“Na mama mkwe wako?”

Audilia aliacha kuokota. “Yeye hapandi darini. Magoti.”

Neno lake nililifumba mdomoni. Kila nilipopita pale nyumbani kwao kunywa kikombe cha chai ya majani machungu nilitazama dari, na Bi Clodomira aliniuliza kama nina kidonda shingoni.

Katikati ya baridi ulikuja upepo wa kaskazini, ule wa mvua na joto, ambao huvimbisha milango na kuumiza vichwa. Jioni moja wale wawili walikuwa mezani. Bi Clodomira alikuwa amejipikia tufaha kwa sukari, amelisogeza pembeni lipoe. Akageuka kuchukua kijiko. Alipogeuka tena, kinyani kilikuwa kimekaa ukingoni mwa sahani yake, mkia umeshika mpini wa kikombe, kinakula tufaha kwa mikono miwili kama mtu.

Ukelele wake ulisikika hadi kwa majirani, kina Mansilla. Kinyani kikaruka kwenye kamba ya nguo, kikapanda bomba, kikatoweka darini.

“Umekiona! Umekiona!”

“Nimekiona, Mama.”

“Mbona hushtuki?” Bibi alisimama ameshika meza. “Mbona wewe hushtuki? Ulijua! Ulijua, ukanilaza chini yake kama kondoo wa kuchinjwa!”

“Mama, kaa kwanza.”

“Kama Artemio! Kaka yangu mdogo aliuawa na mnyama huyu huyu, na wewe unamfuga!”

Hadithi ya Artemio tuliijua wote; bibi aliisimulia kila kinyani kilipotajwa. Baba yao alikiona kinyani chini ya kitanda, na Artemio, mtoto wa kutambaa, akafa kabla ya majira ya kupanda. Ilikuwa fupi hivyo. Audilia alikuwa ameisikia mara nyingi kama sisi. Lakini jioni ile, bila ya kukusudia ubaya, aliuliza jambo ambalo hakuna aliyewahi kuliuliza.

“Mama, Artemio alifia wapi?”

“Kwa kina Mansilla. Katika banda lao la kondoo.”

“Mlikuwa mnafanya nini bandani wakati wa baridi?”

“Tungelala wapi, mpumbavu wewe? Nyumba si ilikuwa imeshachom…”

Hakumaliza. Audilia aliniambia kwamba bibi alibaki amefungua mdomo, na mkono wake ukaanza kupapasa meza kana kwamba anatafuta kitu kilichoanguka. Kisha akaenda chumbani, akafunga mlango.

Kwa siku kadhaa hakumsemesha Audilia. Chakula alikila, lakini kitanda cha mfumi kilikaa bure. Halafu akashikwa na kikohozi. Nolfa, mke wa Sofanor, alikuja kumletea mkate wa viazi, akamkuta anahema kitandani, na kwa ile hasira iliyokuwa bado haijapoa, bibi akamwambia: “Humu kimeingia kinyani.” Nolfa aliacha mkate mlangoni. Alikimbia njia nzima.

Sitaki mtu amfikirie Sofanor vibaya. Mwaka uliotangulia alikuwa amezika mtoto wa kike, na mtu aliyezika mtoto haupimi mkosi kwa mizani, akiuona anaukimbia. Asubuhi alifika na mkokoteni wake na maksai wawili, na wanaume wa kijiji nyuma yake. Alikuwa na galoni la mafuta ya taa. Sisi wanawake tulifuata na vikapu vya kuhamishia vyombo, kama ilivyo desturi. Mvua nyembamba ilikuwa inanyesha.

Audilia alikuwa amesimama mlangoni na aproni yake, mikono ina unga.

“Shemeji, karibuni. Mbona mmekuja wengi hivyo, na mimi nina mkate mmoja tu?”

“Usinifanyie mzaha leo, shemeji.” Sofanor alivua kofia. “Tumekuja kukutolea vyombo. Mama nitambeba mwenyewe, akakae kwangu. Wewe pia utakaa kwangu. Kiangazi kikifika tutakujengea nyingine, naapa mbele ya hawa wote. Sitakuacha nje.”

“Najua hutaniacha.”

“Basi sogea.”

“Sisogei.”

Wanaume walitazamana. Eliecer Millalonco, aliyekuwa mwoga kuliko wote na kwa hiyo mwenye sauti kubwa kuliko wote, akasema kwa nyuma, “Mbebe tu, Sofanor! Huyu amezoeana na hao wadudu. Kazaliwa nao kwenye maganda!”

“Njoo unibebe wewe, Eliecer,” Audilia akamjibu. “Hata gunia la viazi unabebewa na mkeo.”

Kuna waliocheka, kisha wakajizuia. Sofanor hakucheka. Macho yake yalikuwa mekundu.

“Shemeji, hii ni nyumba ya kaka yangu.”

“Ndiyo. Kila ubao humu kaupasua yeye. Kule alikozikwa sijapaona, Sofanor, wala sitapaona. Nikitaka kumgusa, nagusa ukuta huu. Sasa wewe unataka niuchome kwa sababu ya kiumbe kilichoingia kulala?”

Sofanor alitazama chini, lakini galoni hakuliweka. Nilimwona Nolfa akimsukuma kidogo mgongoni. Akapanda kizingiti. Audilia hakumpiga wala hakupiga kelele. Alishika miimo ya mlango kwa mikono yake ile mikubwa, akafumba macho. Sofanor alikuwa ameshamshika bega aliposikia kiti kinaburutwa ndani.

Bi Clodomira alikuwa ametoka kitandani. Alikokota kiti chake hadi mbele ya jiko, akaketi, amejifunga blanketi hadi kidevuni.

“Haya,” alisema huku anakohoa. “Choma.”

“Mama, unafanya nini? Tutoke.”

“Choma, nami nimo.”

“Mama!”

“Nilikuwa na miaka sita.” Alisema taratibu, wala hakutazama mtu, alitazama mlango wa jiko. “Mimi ndiye niliyembeba Artemio mgongoni nyumba ilipokuwa inaungua. Joto lilikuwa zuri, akawa anacheka. Baada ya hapo hatukupata joto tena. Banda la kina Mansilla lilikuwa na upepo chini na mvua juu. Mama alimweka katikati ya kondoo wawili ili apate vuguvugu. Alianza kukohoa, akakohoa, akaacha. Nyumba tulichoma ili pasife mtu. Na moshi huo nimekaa nao maisha yangu yote, nikasema aliyemuua ni kinyani.”

Mzee Mansilla, ambaye banda lilikuwa la babu yake, alivua kofia. Sofanor alipiga magoti mbele ya mama yake, galoni bado mkononi, akalia kwa sauti, na tulijua wote kwamba hamlilii Artemio bali yule binti yake. Bibi akamwekea mkono kichwani.

“Na yule wako,” akasema, “hakuna kinyani kilichoingia kwako. Alikufa tu, mwanangu. Alikufa tu.”

Mambo yangeishia hapo kama watu wangekuwa wepesi kugeuka. Hawakuwa. Nyumba haikuchomwa, lakini Nolfa hakukanyaga pale, na watoto walikatazwa kupita. Bi Clodomira alipona kikohozi, hilo likasaidia kidogo. Lakini wakati wa kupanda viazi ulikuwa unakaribia, na hakuna mtu apandaye viazi peke yake. Leo wote kwako, kesho wote kwa jirani. Audilia aliita watu kwa ajili ya shamba lake, tukaenda mimi na mume wangu na mzee Mansilla, basi.

Sofanor ndiye aliyeteseka zaidi. Alikuja jioni, akakaa nje ya uzio, akazungumza na mama yake dirishani kama mtu aliyekuja kumtembelea mfungwa.

“Ingia ndani, hutaliwa na paka,” bibi alimwambia siku moja nikiwepo.

“Mimi ningeingia. Ni Nolfa, Mama. Anasema mahali hapa pana mkosi, na nikiingia nisirudi kitandani kwake.”

“Mahali?” Bibi aliinamia nje ya dirisha. “Alisema mahali, au alisema nyumba?”

“Mahali. Ukingoni mwa msitu. Sijui. Kuna tofauti gani?”

“Kuna tofauti kubwa. Mkosi ukiwa wa mahali, hauna miguu. Na wewe una maksai.”

Sofanor hakumwelewa mara moja. Audilia aliyekuwa anasokota sufu aliacha, akamtazama mavyaa yake, na taratibu uso wake wote ukafunguka.

Huku kwetu nyumba huvutwa. Ni za mbao, zimekaa juu ya visiki, na mtu akitaka kuhama huita ujima: watu huja na maksai wao, nyumba hupitishiwa magogo mawili marefu chini yake na kuburutwa nzima, madirisha na yote. Kwa hiyo si jambo la ajabu. La ajabu lilikuwa jinsi shauri lile lilivyopokelewa. Watu walikuwa wameona haya tangu ile asubuhi ya galoni, na hawakujua waiweke wapi haya yao. Sasa wakapata mahali pa kuiweka. Eliecer Millalonco mwenyewe alileta maksai wake wawili, wale wakubwa, akasema kwa sauti kwamba yeye tangu mwanzo alipinga kuchoma.

Kabla ya siku ya kuvuta, Audilia na bibi walikwenda msituni na lile tufe. Baridi ilikuwa inakwisha, lakini vinyani vilikuwa usingizini vyote vitatu, hata kile cha tufaha. Bibi ndiye aliyelibeba, ndani ya aproni, magoti yake mabovu hivyo hivyo, anatembea kama mtu aliyebeba mayai ya jirani. Audilia alikuwa amepata mti wenye shimo upande usiopigwa na mvua. Kabla ya kuliingiza, bibi akaomba aone. Audilia akafunua majani kidogo.

“Lakini ni wadogo,” bibi akasema. Alikuwa hajawahi kumwona kwa karibu mnyama aliyemwogopa maisha yake yote, ila ile jioni ya tufaha, na jioni ile macho yake yalikuwa yamejaa ukelele. “Audilia, hawa ni wadogo.”

Akakigusa kimoja kwa ncha ya kidole. Kisha akasema wafunikwe upesi, watapata baridi, na Audilia akamwambia kuwa hiyo baridi ndiyo wanayoitaka, na wakagombana njia nzima ya kurudi.

Siku ya kuvuta ilikuwa na jua. Magogo yakapitishwa, minyororo ikafungwa, jozi za maksai zikapangwa mbele. Audilia alitoa jiko na vyombo, lakini bibi alikataa kutoka. Alikaa dirishani na kofia yake ya kanisani. Wanaume wakapiga ukelele, maksai wakainama, na nyumba ya Rosamel ikatoa mlio mrefu na kuanza kwenda. Ilishuka kutoka msituni, ikapita katikati ya shamba la viazi la Audilia, ikavuka kijito pale penye changarawe. Kwenye mteremko mnyororo mmoja ulikatika na nyumba ikateleza upande. Kwa kitambo tulidhani itapinduka na bibi ndani. Sofanor alijitupa chini ya kona na gogo la kuzuia. Nyumba ilisimama, lakini gogo lilimponda vidole viwili vya mguu, na mpaka leo anachechemea kukiwa na mvua, yaani siku zote.

Nolfa alikuwa anatazama kwa mbali. Alipoona mumewe ameanguka, alikimbia, akapita watu, akamfungua kiatu, akamfunga kwa leso yake mwenyewe. Bibi alimwita kutoka juu dirishani: “Mlete ndani, mwanamke! Kuna kitanda!” Naye Nolfa, bila ya kukumbuka kitu, akambeba mumewe akisaidiwa na mzee Mansilla na kuingia naye katika nyumba ile. Alikuwa ameshamlaza ndipo alipotazama kuta. Audilia aliniambia Nolfa alisimama kidogo, akavuta pumzi, kisha akaomba maji safi.

Jioni nyumba ilikuwa kando ya barabara, karibu na kanisa, juu ya visiki vipya. Tulikula kondoo wawili na viazi visivyo na hesabu, tukanywa pombe ya tufaha, na Eliecer akacheza ngoma na leso mpaka akaanguka kwenye matope.

Bi Clodomira aliishi miaka mingine kadhaa katika nyumba hiyo. Alikufa kiangazi, kitandani, madirisha yamefunguliwa, Nolfa anaimba jikoni. Hapakuwa na aliyetaja kinyani, au kama walikitaja hawakukitaja mbele yangu.

Baada ya hapo Audilia akawa ndiye anayeitwa. Mtu akiona kinyani darini au ghalani, alituma mtoto mbio, “Mwiteni Mama Audilia,” naye alikuja na kikapu chake chenye sufu, akakitoa, akakipeleka msituni, akanywa kikombe cha majani machungu na wenye nyumba, akaondoka. Wengine walichoma ubani baadaye. Hakuwazuia. Alisema ubani hauna ubaya, unanukia.

Sitasema kwamba uoga uliisha. Miaka michache baadaye Eliecer Millalonco alikiona kinyani juu ya mlango wake, na hakumwita mtu. Audilia aliuona moshi kutoka shambani. Alikimbia na sketi mkononi, mwanamke aliyekwisha kuwa na mvi, na alipofika paa lilikuwa linaanguka. Eliecer alisimama uani na watoto wake wanne na mkewe, amekumbatia sanamu ya Bikira. Jua lilikuwa linazama na baridi inashuka. Nilikuwa nimemfuata mbio, nikamtazama Audilia nikidhani atamwambia neno. Alitazama ule moto, nadhani alitafuta kama kuna kitu kinachotoka ndani yake, na hakikutoka kitu. Kisha akamchukua mtoto mdogo kutoka mikononi mwa mama yake.

“Haya, twende,” akasema. “Mtalala chumba cha bibi. Eliecer, leta hilo godoro, usilie na mvua inakuja.”

Walikaa kwake majira yote ya baridi, watu saba katika nyumba ya Rosamel. Eliecer alikoroma hadi kanisani. Mkewe alijifunza kumpokeza Audilia uzi upande wa pili wa kitanda cha mfumi, na blanketi walizosuka zilikuwa mbaya mwanzoni, halafu zikawa nzuri. Kiangazi wanaume wakawajengea nyumba mpya. Siku waliyohama Audilia aliwapa kuku wawili na gunia la mbegu za viazi, akamwosha uso yule mdogo, akawasindikiza hadi barabarani. Kisha akaingia ndani, akaanika magodoro.